Mwanangu wa Miezi Mitano Ameizoea Runinga Kuliko Sauti Yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike aliyetimiza miezi mitano wiki iliyopita. Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na ninafanya kazi ya uhasibu katika duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa ya siku 84 kama sheria inavyosema, na kwa kuwa ilianza kuhesabiwa wiki mbili kabla sijajifungua, mtoto alikuwa hajafikisha hata miezi mitatu niliporudi kazini. Huondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi mwendokasi kabla foleni haijawa ndefu, na mara nyingi hurudi saa moja usiku, nikiwa na saa moja au moja na nusu tu kabla mtoto hajalala.

Nimemwachia dada wa kazi, binti wa miaka 19, ambaye kwa usafi na uaminifu sina la kumlaumu. Maziwa ninayokamua huyatunza vizuri na kumnywesha mtoto kwa kikombe, na nikirudi nguo zimefuliwa na chakula kipo tayari. Tatizo ni kwamba si msemaji, na amegundua kwamba mtoto akiwekwa mbele ya runinga yenye katuni hutulia kabisa, naye hupata nafasi ya kufanya kazi zake. Mwanzoni nilishukuru. Wifi yangu naye alinitia moyo kwa kusema kuwa katuni hizo zitamfundisha Kiingereza mapema, kisha akatuletea zawadi ya kile kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea.

Jumanne iliyopita niliingia ndani nikiwa bado na mfuko wa nyanya mkononi, nikamkuta ameegemezwa kwenye mito, macho yako kwenye runinga. Nilimwita jina lake mara tatu, wala hakugeuka. Nilipokwenda kusimama mbele yake, alinyoosha shingo ili aone kilichokuwa nyuma ya sketi yangu. Nilikwenda jikoni nikalia. Tangu siku hiyo ninajiuliza kama mwanangu hasikii, au kama amenisahau, ingawa mlango ukibamizwa hushtuka na nikimnyonyesha hunikazia macho.

Mambo mengine yamezidi kunichanganya. Mama mkwe wangu, ambaye yuko kwetu kwa wiki chache kutoka Tanga, hunicheka ninapozungumza na mtoto, kwa kuwa, anasema, huyo bado ni kichanga na haelewi kitu, na nikizidi kumbeba atazoea mikono. Jirani yangu ana mtoto wa umri uleule ambaye tayari anaketi, naye amenunuliwa zulia la michezo lenye vining'inio na muziki ambalo mimi nikilinunua nitakula mshahara wangu vibaya. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Kwake yeye watoto wote hukua tu.

Naomba uniambie ukweli, Shangazi. Je, mtoto wa umri huu hucheza nini? Ni lazima nimnunulie vitu hivyo? Na je, nimekwisha kumharibu?

Mama wa Kimara


Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale penye sketi. Kabla ya michezo, hata hivyo, tuanze na masikio, kwa sababu yakiwa na kasoro mengine yote yatasubiri. Mtoto wa miezi mitano kutogeukia jina lake si dalili ya uziwi, kwa kuwa wengi huanza kulitambua jina na kuligeukia kwa uhakika kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Kinachotarajiwa katika umri wake ni kugeuza macho au kichwa kuelekea sauti iliyo karibu, au walau kutulia ghafla kama anayesikiliza. Kushtuka mlango ukibamizwa ni habari njema lakini haitoshi, maana mtoto anayesikia sauti kubwa anaweza asisikie ndogo. Siku yako ya mapumziko, akiwa ameshiba na runinga imezimwa, mpe dada ampakate, akae kimya huku akimwonyesha kijiko ili macho ya mtoto yawe mbele. Wewe pita nyuma, simama pembeni umbali wa mkono mmoja, mahali ambapo haoni hata kivuli chako, kisha fikicha mfuko wa plastiki taratibu au mnong'oneze. Fanya kulia, kisha kushoto, na urudie siku nyingine. Asipoonyesha dalili yoyote ya kusikia, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mpeleke kliniki uombe rufaa ya kupimwa masikio. Hata akigeuka vizuri, mweleze muuguzi siku ya kliniki kuwa ulikuwa na wasiwasi huo, kwa sababu jaribio la nyumbani haliwi kipimo.

Tuchukulie sasa kwamba anasikia, jambo ambalo kwa maelezo yako mimi nalitarajia. Kilichotokea Jumanne ni kwamba ulishindana na kitu kinachowaka, kinachobadilika kila sekunde chache na kisichomtaka mtoto afanye chochote, na katika mashindano ya namna hiyo hata mtu mzima hushindwa. Ninakujua na simu yako. Hajakusahau. Mtoto anayekukazia macho akinyonya anajua vizuri ni nani anayemnyonyesha.

Kuhusu Kiingereza cha wifi yako, kuna utafiti unaomjibu karibu neno kwa neno. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Seattle, Marekani, ambako watoto wa miezi 9 waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza waliletwa kwenye vipindi 12 vya kusikia Kichina. Kundi moja lilikaa na mtu halisi aliyewasomea vitabu na kucheza nao sakafuni, na kundi jingine lilitazama watu walewale na vitabu vilevile kwenye runinga. Waliokaa na mtu waliweza baadaye kuzitofautisha sauti za Kichina, lakini waliotazama runinga hawakupata kitu, walikuwa sawa na watoto ambao hawajawahi kukisikia Kichina maishani mwao. Nao walikuwa na miezi 9, karibu mara mbili ya umri wa mwanao. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano, lilisema waziwazi kwamba aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Kwa hiyo sikushauri upunguze muda wa katuni. Zima. Simu ya video ya dakika chache na baba yake, ukiwa umempakata, mimi siihesabu katika kundi hilo, kwa sababu baba anaweza kumjibu na katuni haiwezi.

Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza, kwamba mtoto wa umri huu hucheza nini. Hucheza kuitikiwa.

Sisi tumelelewa katika lugha ya kuitikia. Mgeni haingii mpaka amepiga hodi na kusikia karibu, mdogo hutoa shikamoo akingoja marahaba, na bibi hawezi kuanza hadithi yake kwa kusema paukwa mpaka wajukuu wamesema pakawa. Mtoto wako anapiga hodi kutwa nzima kwa njia alizo nazo: anakutazama, anarusha miguu, anatoa sauti kama "aguu", ananyoosha mkono kuelekea hereni yako. Ukigeuka, ukamtazama usoni na kumrudishia sauti ileile, umesema karibu. Kisha, na hili ndilo wazazi wengi hulisahau, unanyamaza na kungoja. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano, hata mpaka kumi, kwa sababu ubongo wa mtoto bado ni mzito wa kupokea na kutayarisha jibu, nasi watu wazima tuna haraka ya kujaza ukimya. Utaona midomo inajipinda, mikono inakaza, kisha sauti inatoka. Hayo ni mazungumzo kamili, hata kama hayana neno. Akigeuza uso pembeni au akaanza kupiga miayo, ametosheka. Usimfuate kwa kumtikisia vitu mbele ya macho, mwache apumzike, atapiga hodi tena mwenyewe.

Wasiokuwa na imani na jambo hili, akiwemo mama mkwe wako, ningewaonyesha jaribio la Edward Tronick wa Marekani, lililoanza katika miaka ya 1970. Mama hucheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, halafu huambiwa auache uso wake uwe mkavu kabisa kwa dakika chache, asitabasamu wala kusema. Mtoto huona mara moja. Hutabasamu ili amrudishe mama, hutoa sauti, hunyoosha mikono, hujaribu kila ujanja anaoujua, na jibu lisipokuja hugeuka pembeni na mwisho hulia. Anayefanya hivyo haelewi maneno, hilo ni kweli, lakini anaelewa vizuri kwamba amepiga hodi na hakuna aliyeitika. Habari njema ni kwamba mama akirudi katika hali yake, wawili hao hupatana na mchezo huendelea. Kwenye mabango ya kliniki zetu jambo hili huitwa malezi yenye mwitikio, nalo limewekwa sambamba na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi wa mtoto katika programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021. Jina ni la kitaalamu lakini kitu chenyewe bibi zetu walikuwa nacho.

Sasa saa yako moja ya jioni. Sitakuongezea kazi, kwa kuwa hujaniambia una nafasi ya kazi nyingine, bali nitakuomba uzitumie zile unazozifanya tayari, hasa kuoga, kubadilisha nepi na kunyonyesha. Chukua kuoga. Weka beseni sakafuni, jaribu maji kwa kiwiko, na kabla hujamwingiza mwambie unachofanya: "Sasa tunaingia majini." Mwingize miguu kwanza, usimame hapo. Atatazama maji, na akikutazama wewe, mtabasamie. Mwagie maji kidogo tumboni ukisema "tumbo", ungoje, kisha mwagie tena. Mara ya tatu inua mkono wenye maji bila kuyamwaga, na utamwona amekaza tumbo na kufungua mdomo kabla tone halijamgusa, kwa maana amekwisha kujua kinachofuata na anakichungulia. Hilo ndilo somo la leo, mwanangu, na halikukugharimu hata shilingi. Ukimtoa, mfunike uso kwa khanga kwa nukta moja, kisha ifunue na useme "yupo!" Mwanzoni atashangaa tu, lakini ukiendelea nao miezi inayokuja, mchezo huo utamkuta akiwa katika umri wa kugundua kwamba kitu kilichofichwa hakijapotea, nao wengi huufikia wakikaribia miezi minane au tisa. Wakati huo ataivuta khanga mwenyewe. Ukimnyonyesha, simu iwe chumba kingine. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali kati ya ziwa na uso wa mama, na ingawa mwanao sasa anaona mbali kuliko hapo, bado uso wako ndio kitabu chake cha kwanza.

Hata hivyo saa moja ya mama haiwezi kufuta saa kumi na tatu za ukimya, na kwa hiyo mtu muhimu kuliko wote katika barua yako ni yule binti. Usimwendee kwa lawama. Ametunza maziwa, amemlinda mtoto, na runinga aliitumia kwa sababu umempa kazi za watu wawili. Keti naye Jumapili, mwambie kwamba kuanzia sasa kazi yake ya kwanza ni mtoto, na kwamba ukirudi ukakuta nguo hazijafuliwa hutanuna. Sema hivyo kwa kumaanisha, kwa sababu siku ya kwanza utakayonuna, katuni zitarudi. Kisha usimhubirie, mwogesheni mtoto pamoja, wewe ukionyesha na yeye akitazama, halafu mwachie. Msichana asiyependa kusema na watu wazima mara nyingi huimba akiwa peke yake, na kuimba kunatosha kuanzia. Mwombe amsimulie mtoto anachofanya akiwa anakifanya: namenya viazi, hiki kikubwa, hiki kidogo, sasa nawasha moto. Mtoto alazwe kwenye mkeka, mahali anapomwona lakini mbali na jiko. Jioni usimuulize dada kama mtoto alikula tu, muulize pia alimchekesha na nini leo. Swali hilo likiulizwa kila siku, litamfanya atafute jibu kabla hujafika.

Zulia la jirani liache dukani. Katika jiji la Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliwafuatilia watoto 129 wa familia maskini waliokuwa wamedumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii kwa saa moja kila wiki kwa miaka miwili, naye alicheza na mama na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa chupa, makopo na mabaki mengine ya nyumbani. Watoto wale walipofikia umri wa miaka 22, waliokuwa wamechezewa walionekana kupata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiochezewa. Vile vifaa vya makopo havikufanya muujiza wowote. Mhudumu alimfundisha mama namna ya kucheza na mwanawe, na akienda zake mchezo ulibaki nyumbani.

Kwa hiyo tafuta chupa ndogo ya maji, itie punje chache za mahindi, gundisha kifuniko na ukizungushie utepe, na uikague kila asubuhi kama haijalegea, kwa sababu punje moja kooni ni msiba. Kijiko cha mbao, kikombe cha plastiki, sufuria ndogo na kipande cha kitenge chenye rangi kali vinamtosha mpaka mwaka utakapokwisha. Katika umri huu kila kitu kitapelekwa mdomoni, nako huko ndiko kujifunza, basi kazi yako ni kuvisafisha na kuhakikisha ni vikubwa. Kinachoweza kupenya kwenye lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha ni kidogo mno kwake. Kamba ndefu, mifuko ya plastiki na betri visifike mkononi mwake kabisa. Mpe kimoja au viwili kwa wakati mmoja, maana akimwagiwa kumi hatachunguza hata kimoja.

Mwili nao unahitaji sakafu. Mwongozo ule wa 2019 unataka mtoto asiyetambaa bado alazwe kifudifudi akiwa macho, na mtu akimwangalia, kwa jumla ya dakika zisizopungua 30 kwa siku. Wengi hulia mwanzoni, basi anzeni na dakika mbili tatu baada ya nepi, nawe ulale kifudifudi mbele yake ili uso wako uwe kitu cha kunyanyulia kichwa. Wakati wa kulala alazwe chali. Mbeleko iendelee, kwa sababu mtoto aliye mgongoni anasikia mazungumzo na kuona dunia, ila asifungwe kwa zaidi ya saa moja mfululizo bila kushushwa anyooke. Kile kigari cha magurudumu, samahani kwa wifi yako, kifungeni stoo. Hakiharakishi kutembea, kinaweza hata kumchelewesha mtoto, na watoto huporomoka nacho kwenye ngazi au kufikia jiko na chai ya moto kwa kasi ambayo mtu mzima haiwahi. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004.

Mtoto wa jirani kuketi mapema hakusemi lolote kuhusu wako. Shirika la Afya Duniani lilipowafuatilia watoto wenye afya njema katika Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, liliona kwamba kuketi bila kushikiliwa hutokea popote kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea bila kushikwa kati ya miezi 8.2 na 17.6. Zaidi kidogo ya watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Walipita njia nyingine, wakasimama dede na kuendelea na safari. Ningekuwa na wasiwasi, na ningekuomba uende kliniki bila kungoja, kama asingekuwa anakutabasamia mpaka sasa, kama macho yake hayafuati kitu kinachopita mbele yake, kama mwili wake ni mkavu kama ubao au umelegea kama nguo iliyolowa, kama hutumia mkono mmoja tu siku zote, au kama kuna jambo alilokuwa akiliweza akaliacha. Kama alizaliwa kabla ya siku zake, umri wake uhesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Mama mkwe wako amekosea katika hili la kusema na mtoto na lile la mikono. Mtoto wa miezi mitano hadeki kwa kubebwa. Anayeitikiwa akilia hujifunza kuwa watu wapo, na baadaye hupata ujasiri wa kukaa chini na kuchunguza. Lakini usibishane naye, kwa kuwa anajua mambo ambayo wewe huyajui. Mwombe, kwa adabu zote, akufundishe wewe na dada namna wanavyomkanda mtoto kwa mafuta ya nazi kwao Tanga, akiwa amenyoosha miguu kwenye mkeka na mjukuu juu ya mapaja, na umwombe nyimbo za kubembelezea alizowaimbia wanawe. Atakaa na mtoto nusu saa nzima, atamwimbia, atamvuta vidole, atamuuliza maswali na kujijibu mwenyewe, na mwisho atakwambia tena kwamba vichanga hawaelewi kitu. Wewe itikia tu, "Ndiyo, mama."

Uliuliza kama umekwisha kumharibu. Hapana. Miezi miwili ya katuni si kitu ambacho mtoto wa miezi mitano hawezi kukifidia, mradi ikome sasa. Siku mbili tatu za kwanza runinga ikizimwa atasumbua, na dada asiachwe peke yake na usumbufu huo. Kama unaweza, anzeni Jumamosi ukiwa nyumbani.

Jambo moja hukuliuliza, lakini mimi nitalitaja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ileile iliyokupa siku zako 84, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha muda wa hadi saa mbili kwa siku katika saa za kazi kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Kutoka Kariakoo kwenda Kimara na kurudi ndani ya saa mbili haiwezekani, najua. Mwombe mwajiri wako, kwa maandishi na kwa upole, akuruhusu kuzitumia kwa kutoka mapema, kwa kuwa mtoto anayekupokea saa kumi na moja jioni bado ana nguvu za kucheza, na yule wa saa moja usiku anasinzia.

Na mumeo, huko barabarani aliko, apangiwe saa yake. Jioni akipiga simu, asiishie kukuuliza wewe kama mtoto hajambo. Weka simu sauti ya nje, umpakate mtoto, baba amwite jina lake mara moja, kisha anyamaze mpaka asikie anachojibiwa.

Shangazi